Pima Mguu Wako Kwanza

Kila asubuhi nikiwa kazini, kabla sijamgusa mgonjwa yeyote, nilikunja suruali upande wa kulia hadi gotini na kupima mguu wangu mwenyewe. Sentimita thelathini na nne. Nikishaona thelathini na nne, moyo unatulia, naanza kazi. Nilipowaambia hivyo ninyi wauguzi vijana mlionitembelea juzi, mlitazamana, na mmoja wenu aliyedhani sisikii akanong'ona, "Kumbe huyu mzee alianza zamani." Nilisikia. Masikio yangu ni mazima, kilichochoka ni magoti.

Lakini mlikuwa mmeuliza swali zuri, na nitalijibu kwa maandishi ili msinikatize. Mliuliza: kabla ya kompyuta, mlijuaje ni mgonjwa gani wa saratani ambaye damu itamgandia mwilini? Ninyi leo mna fomu. Mnajaza saratani imekaa wapi, chembe za damu ni ngapi, damu imepungua kiasi gani, mtu ana uzito gani, mnajumlisha, kisha mnajua huyu ni wa kuangaliwa sana. Sisi mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikuwa na darubini moja, tepu moja ya fundi cherehani, na Sista Adhiambo. Kati ya hivyo vitatu, ni Sista Adhiambo peke yake ambaye hakuharibika hata siku moja.

Hospitali yetu ilikuwa ya misheni, ndogo, upande wa Nyamira. Mimi nilikuwa dresa. Ndivyo tulivyoitwa sisi tuliosafisha vidonda, tuliopima joto, tuliogeuza wagonjwa na kulaumiwa kwa mengine yote. Sista Adhiambo, mkuu wa wodi ya wanaume, alitoka upande wa ziwani. Alikuwa mrefu, na alipoingia wodini hata wagonjwa waliokuwa wamelala walilala vizuri zaidi. Daktari alikuwa mzungu aliyejifunzia Kiswahili vitabuni, akakisema kama mtu anayesoma Biblia mbele ya watu. Yeye ndiye aliyeanza kutoa zile sindano za saratani, akiziagiza Nairobi zikaja ndani ya boksi la barafu, nasi tukizibeba kama mayai.

Siku ya kwanza alitukusanya akasema, "Ndugu zangu, damu ya mtu mwenye saratani ina haraka ya kuganda. Dawa hii ninayompa huiongezea haraka. Ikiganda mguuni, mguu huvimba. Bonge hilo likiondoka mguuni likapanda hadi mapafuni, mtu huyo hufa angali anaomba maji." Kisha akampa Sista tepu, na Sista akanipa mimi.

Kupima mguu kunaonekana kazi ya mjinga. Sista alinifundisha wiki mbili nzima. Unapima asubuhi, kabla mtu hajashuka kitandani, kwa sababu mguu uliotembea ni mguu mwingine. Unashuka shubiri moja chini ya goti, unatia alama kwa kalamu, na kesho unapima pale pale, si karibu na pale. Unapima miguu yote miwili, kwa sababu mguu mmoja peke yake hauna mwenzake wa kuushtaki. Halafu unabonyeza shavu la mguu taratibu huku ukimuuliza mgonjwa habari za ng'ombe wake. Mwanaume wa kwetu hakwambii kwamba anaumia, hata umkanyage. Lakini ukibonyeza penye maumivu, habari za ng'ombe zinakatika. Hicho ni kipimo ambacho sijakiona kwenye fomu yenu.

Sasa kuhusu mguu wangu.

Jumapili moja nilikuwa zamu peke yangu na niliona tepu imekuwa chafu. Nilikuwa kijana mpenda usafi, nilitaka Sista akirudi anisifu. Nikaichemsha pamoja na mikasi na koleo, dakika ishirini, nikaianika dirishani. Ikakauka vizuri, nyeupe kama mpya. Jumatatu asubuhi nikaanza kupima. Mgonjwa wa kwanza amevimba. Wa pili amevimba. Kufika kitanda cha sita nilikuwa natoka jasho, na kufika cha kumi na moja nikakimbia kumwita Daktari, nikimwambia wodi nzima imeganda damu, hata yule wa mkono uliovunjika.

Daktari alikuja na kandambili mguu mmoja na kiatu mguu mwingine. Sista akaja nyuma yake bila kukimbia. Akatazama wagonjwa, ambao walikuwa wakinywa uji. Akatazama tepu.

"Nyabuto, hii tepu umeifanya nini?"

"Nimeiosha, Sista."

"Umeosha na nini?"

"Nimechemsha."

Akaniambia nikunje suruali. Akanipima mbele ya watu kumi na mmoja, akasoma, "Thelathini na saba. Daktari, hata dresa wetu anakufa. Tumlaze wapi?" Wodi ikacheka mpaka uji ukamwagika. Kitambaa kilikuwa kimejikunja kwenye maji moto, alama zimesogeleana, kwa hiyo kila mguu ulisomeka mkubwa. Tukanunua tepu nyingine, na tangu siku hiyo amri ikawa moja: pima mguu wako kwanza. Kama wako umevimba usiku mmoja bila sababu, anayeumwa ni tepu.

Nimewaambia hilo la kuchekesha kwanza ili mnivumilie kwa hili la pili, ambalo kwangu halikuchekesha wakati wake.

Aliletwa mzee kutoka karibu na Ikonge, mwenye uvimbe shingoni na kwapani. Jina lake Mzee Makori. Alikuwa fundi seremala, mkulima wa majani chai, na mzee wa kanisa la Sabato, ambako chai imekatazwa, hivyo alilima chai miaka yote bila kuinywa, na aliwahurumia wanaoinywa. Alikuwa pia baba wa Kemunto, na Kemunto alikuwa mke wangu kwa miaka sita wakati huo.

Wasomaji wa mbali, nisikilizeni hapa. Kwetu Gusii kuna chinsoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye mipaka kama shamba lililopimwa. Mtu wa rika la baba yako humwoni mwili wake, na yeye haoni wako. Baba mkwe, zaidi. Mama mkwe, usiseme: hamshikani mikono, hamkai pamoja, na jina lake hulitaji. Ninalijua jina la mama mkwe wangu mpaka leo, na sitaliandika hapa, hata kama mhariri atataka.

Daktari akamwanzishia Mzee Makori sindano. Fundi wa maabara akahesabu chembe za kugandisha damu kwa darubini, akakuta ni nyingi kupita kiasi, akarudia akidhani amekosea, zikawa zile zile. Daktari akapiga mstari mwekundu kwenye karatasi ya Mzee. Mstari mwekundu maana yake huyu damu yake iko tayari kuganda, miguu yake itazamwe kila siku kama maziwa yaliyo jikoni.

Siku za kwanza Sista alimpima mwenyewe, mimi nikijishughulisha upande wa pili wa wodi. Halafu Sista akafiwa na shangazi, akaenda kwao kuzika, akaniachia tepu na mstari mwekundu. Jumamosi asubuhi nikamwendea Mzee. Aliponiona na tepu akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Mkwe, unakuja kufanya nini?"

"Kupima miguu, Mzee."

"Miguu ya nani?"

Nikatazama dirisha. Yeye akatazama dari. Tungekaa hivyo hadi Jumapili kama si yeye kuwa na akili ya fundi.

"Mimi nimepima mbao miaka thelathini," akasema. "Leta hiyo tepu. Wewe geuka, uandike."

Niligeuka. Niliona ni hekima iliyoshuka kutoka mbinguni. Nyuma yangu blanketi likachakarika, kisha sauti ikasema, "Ya kulia, thelathini na tatu na nusu." Nikaandika. "Ya kushoto, hivyo hivyo." Nikaandika. Siku ya pili, thelathini na tatu na nusu, hivyo hivyo. Siku ya tatu, hivyo hivyo. Siku sita nilisimama nikitazama ukuta, nikaandika mistari sita mizuri iliyonyooka, na Daktari kila alipopita akasema, "Vyema sana." Mguu wangu niliupima kila asubuhi bila kukosa. Wa mgonjwa sikuuona hata mara moja.

Ijumaa Daktari akaamua Mzee arudi nyumbani hadi sindano ijayo. Mzee alifurahi, maana alitaka kufika Ikonge kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Gari la hospitali lingeondoka saa sita. Mama mkwe alikuwa amefika tangu asubuhi na kikapu cha obokima, ndio ugali wetu, na mboga za chinsaga, na viatu vya Mzee vya kanisani vimepakwa rangi.

Mimi na mama mkwe tulikuwa na utaratibu wetu pale wodini. Nikikaribia nakohoa. Yeye anaingia nyuma ya pazia la kitanda. Nafanya kazi yangu natoka, anatoka. Katika siku zile nilikohoa mpaka Daktari akataka nipimwe kifua kikuu.

Siku hiyo nikakohoa, nikasikia pazia, nikaingia nimebeba karatasi za kumruhusu Mzee. Alikuwa kitandani na suruali na koti, blanketi juu ya miguu. Ndipo pazia likasema.

"Wewe pazia," sauti ya mama mkwe ikasema, "nani amesema huyu mzee amepona?"

Ndivyo wanavyofanya kwetu neno likiwa zito na mtu hawezi kuambiwa uso kwa uso. Unakiambia kitu, mwenye masikio anasikia. Lakini katika miaka sita sikuwahi kusikia hata kitu kikiambiwa jambo kuhusu mimi.

"Pazia, mwambie mwenye tepu hivi. Kiatu ya kulia imeingia. Ya kushoto imekataa. Nimesukuma mpaka mzee ameuma meno."

Nikamtazama Mzee, akatazama dari.

"Mzee, mguu wa kushoto uliupima lini?"

"Nimepima ya kulia kila siku."

"Na wa kushoto?"

"Kwani meza unapima miguu yote?" akasema kwa hasira ya fundi aliyetiliwa shaka. "Unapima moja, zile zingine zinafuata."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa tulikuwa tumeficha wawili. Yeye alificha maumivu ili aende nyumbani, na mimi nilificha uso ili nibaki mkwe mwema. Nje dereva alikuwa akifuta kioo cha gari. Barabara ya Ikonge wakati huo ilikuwa mashimo matupu, na kama lile bonge lilikuwepo, kila shimo lingekuwa linalisukuma kuelekea kwenye mapafu ya babake Kemunto. Sista alikuwa ziwani. Nilikuwa peke yangu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini.

"Mzee, lazima nione."

"Ukifungua hii blanketi, Nyabuto, utakuwa umeniona."

"Nisipofungua nitakuona ndani ya sanduku, Mzee. Siku hiyo hutaweza kuniambia nigeuke."

Akashikilia blanketi. Nikadhani nimeharibu ndoa yangu. Kisha pazia likasema tena, pole pole.

"Pazia, mwambie mzee afunike uso. Miguu haina jina."

Sikuwahi kusikia hukumu nzuri kama ile, na nimehudhuria mabaraza mengi. Mzee akafikiri, akakunja suruali, akavuta blanketi juu, likampita kichwa, na chini ikatoka miguu miwili isiyo ya mtu yeyote. Nikashika tepu. Kabla sijaugusa wowote nikafanya nilichofundishwa: nikakunja suruali, nikajipima kwanza.

"Pazia, mbona kumenyamaza?"

"Pazia, mwambie mama napima mguu wangu."

"Wake umefanya nini?"

Basi nikaliambia pazia habari za tepu iliyochemshwa, kwa ufupi, huku nikisoma thelathini na nne. Tepu ilikuwa nzima. Na nyuma ya pazia nikasikia mama mkwe wangu anacheka. Alicheka akijaribu kutocheka, na chini ya blanketi miguu isiyo na jina nayo ikatikisika.

Wa kulia, thelathini na tatu na nusu. Fundi hakuwa mwongo. Wa kushoto, thelathini na nane, una moto, na nilipoubonyeza na kuuliza habari za ng'ombe, blanketi halikujibu.

Nilimpelekea Daktari karatasi mwenyewe. Akatazama ile mistari sita mizuri.

"Bwana Nyabuto, ni nani aliyepima?"

"Mgonjwa mwenyewe."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natazama ukuta, Daktari."

Hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema kwamba tangu siku ile kila dresa mpya atakayeajiriwa nitamsimulia mimi mwenyewe kisa hiki, chote, na sehemu ya ukuta nisiiruke. Ndiyo maana nakikumbuka vizuri hivi. Kisha tukakimbia wodini wote wawili. Gari likaondoka tupu, Sabato ikamkuta Mzee kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mito, akichomwa dawa ya kuzuia damu isiendelee kuganda.

Dawa ile ilitaka uangalifu, maana ikizidi mtu anavuja damu. Kila siku nilitoa damu kidogo ndani ya chupa nyembamba ya kioo, naishika ndani ya ngumi ipate joto la mwili, nainamisha kila nusu dakika nikitazama saa, mpaka igande. Ikichelewa kiasi, dawa inafanya kazi. Siku moja Mzee alinitazama nikifanya hivyo kwa muda mrefu.

"Hiyo ni damu yangu umeshika?"

"Ni yako, Mzee."

"Na ulikuwa unaogopa kushika mguu."

Nikainamisha chupa tena. Sista Adhiambo aliporudi nilimwambia kabla hajaambiwa. Alivua koti lake la safari, akalitundika, akasema, "Hata kwetu tuna haya, Nyabuto. Lakini haya haiandiki namba." Kisha akanitoa wodini, akakaa na mama mkwe wangu saa nzima, wakiongea kwa Kiswahili cha wawili ambao hakuna aliyezaliwa nacho. Sikujua wameongea nini.

Mzee alirudi nyumbani baada ya wiki tano akitembea, na viatu vyote viwili. Sindano zilipokwisha akaishi miaka minne mizuri. Alinitengenezea kabati ambalo bado ninalo, na miguu yake yote minne ni sawa, nimeipima. Nilipokwenda kwake kusalimia, chinsoni ilikuwa imerudi mahali pake kana kwamba haikuwahi kutoka: yeye huku, mimi kule, habari za mvua na bei ya majani chai. Mama mkwe alibaki jikoni. Nami nilikohoa mlangoni, kwa mazoea.

Saratani ilirudi mwaka wa tano, na safari hiyo haikukubali dawa. Tulimzika nyuma ya karakana yake. Nililia wazi, na sioni aibu kuwaambia.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye chumba cha wageni. Nikasikia hatua upande wa jikoni, zikasimama nyuma ya ukuta wa udongo.

"Wewe ukuta," sauti ikasema, "mpe mwenye tepu hii."

Mkono ukapita mlangoni, ukaweka kitu sakafuni, ukarudi. Zilikuwa kamba tatu za mgomba, nyembamba, zimelainika kwa kushikwashikwa, kila moja ina fundo. Nikaziinua. Mbili zilikuwa na urefu mmoja kutoka ncha hadi fundo.

"Ukuta, mwambie hizo mbili ni miguu ya mzee. Kila asubuhi, kabla hajatoka kitandani. Miaka yote minne. Fundo ilikuwa inafika mahali pake, kulia na kushoto."

Nilizigeuza zile kamba mkononi. Hakuna aliyemwamuru. Hakuwa na mstari mwekundu wala Daktari wa kumwambia vyema sana. Kisha nikauliza.

"Ukuta, muulize mama, hii ya tatu?"

Nikasikia kile kicheko cha nyuma ya pazia, kidogo tu, kikiwa kimechoka kwa kulia.

"Kamba ya mgomba ikipata mvua inavutika, ikipata jua inakaza," akauambia ukuta. "Lazima mtu ajue kama anayeumwa ni kamba."

Hatua zikaondoka. Nikabaki nimeshika mkononi kipimo cha mguu wa mama mkwe wangu, kitu ambacho hakuna mkwe wa Gusii anayepaswa kukijua, na ambacho yeye mwenyewe alikuwa amenikabidhi.

Zote tatu zimo katika lile kabati, pamoja na tepu. Mkija tena nitawaonyesha. Zile mbili nimezipima mara nyingi, ni thelathini na tatu na nusu, hivyo hivyo. Ile ya tatu sijaipima mpaka leo.